Nikusikie Kutoka Ng'ambo

Nilirudi nyumbani wakati wa masika, mto ukiwa umefura na rangi yake imekuwa ya chai ya maziwa, na sikuwa na ugonjwa ambao mtu angeweza kuutia jina. Lori liliniteremsha Garsen, penye kivuko, nikaketi juu ya sanduku langu la bati nikingoja mtumbwi wa kunishusha hadi kijijini kwetu, chini kidogo ya Ngao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu huko pwani, au tuseme chuo kiliniacha mimi: asubuhi moja sikuweza kuinuka kitandani, na asubuhi iliyofuata vivyo hivyo, mpaka wakubwa wakaona afadhali nirudi kwetu. Hakuna aliyekuwa amenikosea. Hakuna aliyekuwa amekufa. Hilo ndilo lililowatatiza watu wote, nami nikiwa wa kwanza wao.

Mama alinisubiri pale mitumbwi inapofungwa. Kabla ya kuniuliza hali, alinyoosha mikono.

"Nikupokee," alisema, akalichukua sanduku.

Kwetu mtu anayefika hupokewa mzigo kwanza, salamu baadaye. Na mzigo ukipokewa, huukatai. Ukiung'ang'ania, hata kwa adabu ya kutotaka kumchosha mwenzako, umemwambia kwamba yeye si mtu wako. Nimewaona majirani wawili walionuniana tangu kupanda hadi kuvuna kwa sababu ya kikapu cha mihogo. Kwa hiyo nilimwachia mama sanduku, nikamfuata nyuma mikono mitupu, nikiona jinsi shingo yake ilivyokaza.

Tangu siku ile hakuacha kunipokea. Nikishika ufagio, ulipokewa. Nikiinama kuchochea moto, "Acha, mwanangu, moshi utakuumiza." Mchi wangu, niliotwangia tangu nikiwa msichana mdogo, ulisimamishwa pembeni ya ukuta, na jirani akaja kutwanga na mama mahali pangu. Nilikuwa nikilala nikisikiliza michi miwili ikipokezana ndani ya kinu kimoja, huu unapanda na ule unashuka, na nikajua kwa sikio tu kwamba wa pili haukuwa wangu. Nilikuwa mgeni wa heshima katika nyumba ya mama yangu. Watu wanaopenda hufanya hivyo. Mfiwa hapiki kwetu, mgonjwa hachoti maji. Na kwa kuwa mimi sikuwa mfiwa wala mgonjwa, walinitendea yote mawili kwa pamoja.

Mto hasa ndio niliokatazwa, ingawa hapana aliyetamka katazo hilo. Nilikuwa na tabia ya kwenda kusimama ukingoni kuutazama. Maji yalipita mazito, yamebeba magogo na visiwa vya majani, wala hayakuniuliza chochote. Bibi, mama yake mama, hakupenda nilivyoutazama. Basi kila nilipoelekea mtoni palitokea mtu mwenye shughuli njia hiyo hiyo. Kafi letu, lililozoea kuegemezwa mlangoni, lilihamishiwa chini ya kitanda cha bibi.

Nikiandika haya sasa, ninatafuta namna ya kuielezea hali ile nisiitie chumvi. Haikuwa kilio. Mtu anayelia ana kitu mkononi. Mimi nilikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama: milango ipo, paa lipo, upepo unaingia na kutoka. Nilisikia njaa kwa mbali, kama habari ya kijiji kingine. Na kadiri nilivyolala ndivyo nilivyochoka, na kadiri nilivyochoka ndivyo walivyonihimiza nilale.

Homa ya mafua ilifika wakati wa kipupwe. Walioshuka na malori kutoka Mombasa walisema imetoka mbali, imevuka bahari kama abiria, na haichagui mkubwa wala mdogo. Mwanzoni tulicheka, maana mafua ni mafua. Kisha yule mwenye duka Msomali pale Garsen akauza asprini zote alizokuwa nazo, akafunga milango, akalala yeye mwenyewe. Ngao wagonjwa walijaa hospitalini hadi barazani. Wazee wakapeleka neno nyumba kwa nyumba kwamba ngoma zisipigwe na watu wasijazane matangani, na hapo ndipo tulipoacha kucheka.

Lakini sisi wa mtoni tuliijua kwa namna nyingine. Mpunga wetu, ng'ambo ya mto, ulikuwa umetia maziwa, punje bado laini. Wakati huo ndege hushuka kwa makundi, wadogo, wekundu wa mdomo, wengi kama vumbi, na shamba lisilo na mtu linaweza kuwa makapi kabla ya jua kutua. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, ulingo wa miti mirefu wenye paa la makuti, na juu yake mtu mwenye kombeo na vidonge vya udongo anaamia tangu alfajiri hadi magharibi. Ndege huwamalizi, unawahamisha tu. Ukiwafukuza kwako, wanatua kwa jirani. Ndiyo maana wenye madungu huitikiana. Wa kwanza hupiga ukelele, "Hooya!" wa pili huudaka, wa tatu humpokea wa pili, na ukelele huo hutembea kando ya mto mpaka ndege wanachoka kutafuta mahali pa kutua, wanarudi porini. Tangu utoto wangu mlio huo ulikuwa ndio mchana wenyewe.

Mwaka ule mlio ulianza kukatika. "Hooya" ilitoka juu, upande wa Kulesa, ikashuka dungu moja, la pili, halafu pengo. Tukisikia pengo tulijua nyumba gani imelala. Kila siku mapengo yalizidi, na juu ya kila pengo ungeona wingu la ndege linazunguka, linashuka.

Kwetu bibi alianza, akaugua vibaya, akabaki hai lakini hana miguu ya kumfikisha hata uani. Kisha mama. Alirudi kutoka dunguni meno yakigongana, akaanguka juu ya kitanda na nguo zake mbichi. Baba alikuwa Mombasa akifanya kazi ya bandarini. Mimi homa ilinipita. Labda ilichungulia, ikaona nyumba haina mtu.

Asubuhi bibi aliuliza kutoka kitandani kwake, "Leo nani yuko dunguni?"

"Hapana mtu," mama akajibu.

"Mpunga umetia maziwa."

"Najua, mama."

Nikasikia sauti ikisema, "Nitakwenda mimi." Ilikuwa yangu, kavu kama jani. Sijui ilitoka wapi. Nadhani nilichoka kusikia lile pengo letu.

"Huendi," mama alisema, akajaribu kuketi. "Mto umejaa bado. Na wewe... mto ule..."

Hakumaliza. Bibi ndiye aliyemaliza.

"Sema tu. Unaogopa atajitia majini."

Miezi yote ile neno hilo lilikuwa limekaa nasi ndani ya nyumba, limekula nasi, na hapana aliyelitazama. Mama akaanza kulia, machozi ya homa, moto juu ya moto.

"Mpunga na uende na ndege," akasema. "Mtoto abaki."

"Abaki ale nini?" bibi akauliza.

Bibi akainama kwa shida, akavuta kafi kutoka chini ya kitanda, akalisukuma sakafuni hadi miguuni pangu. Mama alilitazama kafi, kisha akanitazama mimi, na nadhani hakuwahi kunitazama hivyo tangu niliporudi, yaani moja kwa moja, bila ya kunihurumia.

"Basi nikusikie," alisema. "Kutoka ng'ambo, nikusikie. Ukinyamaza nitatoka kitandani na homa yangu, niogelee nije."

"Mama, wewe hujui kuogelea."

"Ndiyo maana usinyamaze."

Nilivuka. Mikono iliyolala miezi haikumbuki kafi mara moja. Mtumbwi ulizunguka kama ng'ombe aliyeumwa na mbung'o, ukaenda chini zaidi ya nilipotaka. Katikati ya mto niliacha kupiga kafi. Lazima niseme hilo. Maji yalikuwa hapo, usawa wa kiganja changu, na nilikuwa peke yangu nayo kwa mara ya kwanza. Lakini mtumbwi ulianza kukaa ubavu, miguu yangu ikajikaza yenyewe, mgongo ukajinyoosha wenyewe, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshapiga kafi. Mwili ulitaka kufika. Haukuniomba shauri.

Dungu letu lilipakana na la shangazi, dada yake baba. Yeye alikuwa ameugua kabla ya kijiji kizima, kama alivyowatangulia watu katika kila jambo, akapona, akarudi juu ya dungu lake na sauti ambayo homa haikuipunguza hata kidogo. Nilipanda ngazi nikihema. Ndege walikuwa wameshajaa, mashuke yanainama kwa uzito wao. Nikafungua kinywa.

"Hooya."

Shangazi akapaza sauti:

"Nani huyo?"

"Mimi, shangazi!"

"Mimi nani? Mtoto wa kaka yangu? Mwalimu?"

"Ndiye!"

"Na hiyo ndiyo sauti ya kufukuzia ndege? Hao watadhani unawakaribisha kula!"

Nikapiga tena. Ndege wachache waliinuka, wakanitazama, wakarudi.

"Piga kama mtu aliyeibiwa mume!"

"Sina mume, shangazi!"

"Kwa sauti hiyo hutampata!"

Kitu kiligonga kifuani, nikadhani nimeanza kukohoa, kwamba homa imenipata na mimi. Kilikuwa kicheko. Kilitoka vibaya, chenye kutu, na kwa kuwa kilikuwa kikubwa kuliko ukelele wangu, ndege wakaruka wote.

Sitaki kusema kwamba siku ile nilipona. Siku ile niliumwa mabega. Viganja vilitoka malengelenge, la mkono wa kombeo likapasuka, na vidonge vyangu vya udongo vilikwenda kila mahali isipokuwa kwenye ndege. Jioni nilirudi, nikamkuta mama macho wazi. Akasema tu, "Nilikusikia," akageukia ukuta akalala. Nami nikala. Ndizi za kupika na mkia wa kambare wa kukausha, vimepoa, na nikala nimesimama, nikalamba chungu. Bibi alinitazama kama mtu anayemtazama paa aliyeingia uani, asije akamkimbiza.

Siku zikafuatana. Asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Kila asubuhi nyumba ile ndani yangu ilikuwa tupu tena, na kila asubuhi miguu ilibidi itangulie, moyo ufuate nyuma ukinung'unika. Nikajifunza kutoungoja. Nikivuka mto, moyo ulibaki ng'ambo. Jua likipanda, ulikuwa umenikaribia. Mchana, shuka kutoka dunguni, zunguka shamba, finyanga udongo, panda, rusha, piga ukelele, shuka tena. Na wakati fulani katika kupanda na kushuka huko niligundua kwamba kwa muda mrefu sijajitazama. Huzuni ilikuwa palepale, imeketi nami juu ya ulingo. Ila ulingo ni mdogo, na mwenye kombeo anahitaji nafasi, kwa hiyo ilibidi ijisogeze.

Kulikuwa na mama mmoja Muorma aliyepita na kibuyu cha maziwa, akitoka penye ng'ombe wao kwenda kubadilishana vijijini. Siku moja alisimama chini ya dungu langu, akaweka kibuyu, akanikagua.

"Wewe mgonjwa?"

"Nilikuwa, mama."

"Homa?"

"Hapana. Siyo homa."

Akafikiri. "Ah," akasema. "Ile ya kukaa."

Nikashangaa kusikia ina jina. "Ndiyo. Ile ya kukaa."

"Mimi pia iko ilinishika. Mtoto alikufa, mimi nikakaa. Siku mingi nimekaa. Lakini ng'ombe hapana adabu, dada! Ng'ombe hapana jua matanga. Yeye nataka maji tu." Akacheka mpaka akafunika mdomo na kitambaa, halafu ghafla akaacha. Nikampa ndizi, akanimiminia maziwa yenye harufu ya moshi, akaenda zake akiwa bado anawasema ng'ombe wale kama mtu anavyowasema mawifi.

Kisha mama akapona.

Alivuka na mtumbwi wa jirani, amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Alipanda ngazi taratibu, akaketi karibu nami, akautazama mpunga. Ulikuwa umeliwa pembeni, upande wa vichaka, lakini katikati ulisimama, unaanza kugeuka rangi. Machozi yalimlenga. Akanyoosha mikono.

"Nikupokee, mwanangu," akasema. "Umefanya kazi ya kutosha. Sasa nenda ukapumzike."

Ningesema nini? Mama mzazi amenyanyuka kutoka kwenye homa, amekuja kunipokea. Nilimpa kombeo kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Shangazi akaita kutoka kwake, "Mwalimu, unatoroka?" nami nikashuka ngazi.

Nikalala. Siku ya kwanza ulikuwa usingizi mtamu wa mtu aliyefanya kazi. Baada ya hapo ukabadilika, ukawa ule wa zamani. Malengelenge yakakauka, viganja vikawa laini. Chakula kikarudi kuwa habari ya kijiji kingine. Bibi, aliyekuwa sasa anaweza kujivuta hadi uani, alianza tena kunitazama kwa jicho lile la hofu. Na ajabu ni kwamba nilijua kabisa kilichotokea, nilikiona kama unavyoona mtumbwi uliofunguka kamba unavyokwenda na maji, na sikuwa na nguvu ya kusimama nikasema, mama, nirudishie. Kurudisha mkono uliokupokea ni kitu ambacho sikuwahi kukiona kikitendeka kwetu. Sikujua hata kinatamkwaje.

Kilichoniinua ni pengo.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nasikiliza bila kusikiliza: "Hooya" ya mbali, "Hooya" ya shangazi, halafu ya mama, nyembamba, imekauka. Nikasikia tena ya mbali, ya shangazi, na baadaye hakuna kitu. Shangazi akarudia. Hakuna kitu. Nikaketi kitandani. Bibi uani aliacha kupepeta mchele.

"Mama yako," akasema.

Sikumbuki kutoka. Nakumbuka mchanga wa njia ya mtoni ukiwa moto chini ya nyayo, na nakumbuka nilikuwa nakimbia, mimi niliyekuwa siwezi kufagia. Nilipofika ukingoni nikauona mtumbwi wetu katikati ya maji na mama ndani yake, peke yake, anakuja. Alikuwa anapiga kafi, anapumzika, anapiga, anapumzika. Mto ulikuwa unamchukua. Niliingia majini hadi mapajani, nikaushika mtumbwi pua, nikauvuta. Uso wake ulikuwa wa majivu. Homa ilikuwa imemwacha lakini ilikuwa imeondoka na nguvu zake, na alikuwa amezitumia zilizobaki kuninyima kazi yangu.

"Kizunguzungu tu," akasema. "Nimekunywa jua. Kesho nita—"

Nikanyoosha mikono.

"Mama. Nikupokee."

Nilimwona akiielewa. Kikapu kilikuwa miguuni, kombeo mapajani pake, na vidole vyake vililishika kidogo, vikalishika sana. Maji yalitupita yakibeba magogo yake. Yeye ndiye aliyenifundisha. Kwa mkono wake alinipiga kofi nilipokuwa mdogo kwa sababu nilimkatalia shangazi kikapu. Mzigo ukipokewa, huukatai.

Alinipa kikapu kwanza. Halafu kafi. Kombeo akalitoa mwisho.

Tulipanda njia pamoja, ameniegemea begani. Penye kinu akasimama.

"Nilipokuwa na ile homa," akasema, "nilikuwa nikisikia shangazi yako anavyokutukana kule. Na wewe unamjibu. Basi nikawa napata usingizi." Akapumua. "Nilidhani nakupumzisha, mwanangu."

"Najua, mama."

"Sikujua."

Bibi alichukua kafi mkononi mwangu, akaliegemeza mlangoni, mahali pake pa zamani.

Tulivuna magunia machache kuliko miaka mingine, lakini tulivuna. Mwaka uliofuata nilirudi chuoni. Ile ya kukaa imenijia tena tangu wakati huo, zaidi ya mara moja, na katika miji ambayo haina mpunga wala madungu. Sijapata dawa ya kuizuia kuja. Ninapoiona mlangoni huwa navaa viatu nikatembea, hata kama sina niendako, hata kama moyo umebaki nyumbani unanung'unika. Waandishi wenzangu hudhani ninatafuta hadithi.

Lakini nilitaka kusimulia asubuhi iliyofuata ile siku mama aliponipa kombeo, kwa kuwa ndiyo ninayoibeba. Ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya maji. Nilipanda dungu, nikafunga kanga kiunoni, nikavuta pumzi hadi chini kabisa.

"Hooya!"

Ndege wakainuka wote kwa mpigo mmoja.

"Mwalimu!" shangazi akaita. "Umerudi? Walikuwa wanakuulizia!"

Kisha, kutoka ng'ambo ya kwetu, kwenye nyumba, mahali pasipo na mpunga wala ndege wa kufukuza, ikaja sauti nyembamba, iliyokauka, ikaudaka ukelele wangu na kuuitikia.